Kinu cha Sabuni

Mwanamke wa sokoni aliipasua pakiti ya sabuni juu ya meza ya Papa Hénoc, akautandaza unga kwa kiganja mpaka punje za buluu zikaonekana katikati ya weupe.

"Angalia mwenyewe, Papa. Muchanga. Wateja wananirudishia, wananitukana mbele ya watu. Wanasema ninawauzia muchanga wa ziwa uliopakwa rangi."

"Haiko muchanga, Mama. Hiyo njo nguvu ya sabuni yenyewe."

"Basi baki na nguvu yako."

Akaondoka, akaacha kapu zima la pakiti sakafuni. Hakuwa wa kwanza juma lile. Papa Hénoc alilitazama kapu, kisha akaita kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya nyumba, kwenye ua ambako wanawake aliowaajiri walikuwa wakichanganya magadi na chumvi.

"Noëlla! Njoo uone shanga zako."

Noëlla alikuja akipangusa mikono. Alikuwa na diploma ya biolojia, na kwa ajili hiyo Papa Hénoc alimwita mkemia wake, ingawa kazi yake kubwa ilikuwa kupima na kuchanganya kama wengine. Wazo la shanga lilikuwa lake. Zilitoka ng'ambo ya ziwa, zikipitia Kigoma, ndani ya ndoo zilizofungwa vizuri. Kila punje ilibeba protini inayokata damu na utelezi wa samaki kwenye nguo, hata katika maji baridi. Wauza samaki wa Kalemie waliipenda kazi yake. Sura yake ndiyo iliyowashinda.

"Hakuna namna ya kuzificha?" Papa Hénoc aliuliza.

"Njo zinavyotengenezwa, Papa. Zimefunikwa."

"Zimefunikwa kwa sababu gani?"

Noëlla alizijua protini kwa michoro ya darasani. Kiwanda chenyewe hakuwahi kukiona.

"Labda kwa sababu ya unyevu. Zisiharibike."

"Sabuni yangu haikai mpaka unyevu uifikie. Zitwangwe, zipotee ndani ya unga. Hivi, au niache kununua, na kazi yako iishe nazo."

Wanawake wa ua walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza. Hakuna aliyejitolea. Baadhi yao walimtazama Noëlla kama mtu aliyeleta ugonjwa kwenye biashara iliyokuwa ikienda vizuri bila diploma yake. Ndipo mama yake, Alphonsine, ambaye Noëlla mwenyewe alimwombea kazi pale, aliweka chini chekecheo lake.

"Kinu si jambo la kuogopesha," alisema. "Nimetwanga muhogo tangu utoto. Mulete hizo shanga."

Aliyasema akiwatazama wale wanawake, si Papa Hénoc. Noëlla alielewa kwamba mama yake alikuwa anamfunika aibu yake.

*

Unga uliotoka kinuni ulikuwa laini kama poda ya kupaka watoto wachanga. Ulipanda kila mchi uliposhuka, ukaelea juani, ukakaa juu ya nyusi na kope za Alphonsine. Pakiti hazikurudi tena. Yule mwanamke wa sokoni alikuja mwenyewe kuomba kapu jingine, na Papa Hénoc akamwuzia bila kumkumbusha lolote.

Kwanza Alphonsine alipiga chafya tu. Baadaye macho yakawa yanamwasha jioni. Kisha kikaja kikohozi, kikavu, kisicholeta kitu, kikianza anapofika nyumbani na kuendelea mpaka amechoka kukaa.

Nyumba yao ilikuwa upande wa reli, kwa kuwa mumewe, Wilfried, alikuwa fundi wa mabehewa. Kila asubuhi Wilfried alivaa ovaroli lake safi, akaenda karakana, akakaa na wenzake kuyatazama mabehewa yasiyo na vipuri. Mshahara wake ulikuwa jambo la kusimuliwa tu, haukulipwa. Nyumba ilikula sabuni: kazi ya mke na kazi ya binti. Hilo lilijulikana na wote, wala hakuna aliyelitamka mbele yake.

Majirani walianza kukisikiliza kikohozi. Kanisani, kwenye benchi la wanakwaya wa sauti ya pili, mwanamke aliyekaa karibu na Alphonsine alihamia mbele akisema anataka kumwona mwalimu vizuri. Jumapili iliyofuata nafasi ilibaki tupu pande zote mbili.

Siku moja Alphonsine alinyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha chai, akakuta kimefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio.

"Nani amefunga uzi huu?"

Wilfried alikuwa akipaka viatu rangi. Hakuinua kichwa. "Ni kwa muda tu, Mama Noëlla."

"Muda wa nini?"

"Mpaka tujue."

"Unaogopa kifua kikuu. Sema basi, kina jina."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Ulifunga uzi."

Alimimina chai, akainywa yote akiwa amesimama, mbele yake, kisha akakiosha kikombe na kukiweka peke yake kwenye ncha ya rafu. Noëlla, aliyekuwa akikunja nguo, aliendelea kukunja nguo ile ile.

Hospitali walipima makohozi, wakapima tena. Kifua kikuu hakikuonekana. Daktari kijana aliweka kipimio kifuani, akasikiliza, akasema ni pumu. Akaandika pompi ya dawa ya kuvuta kwa mdomo.

"Pumu ni ya watoto," Wilfried alisema mkewe aliporudi.

"Docta amesema hata wakubwa."

"Aliuliza nini kimeileta?"

"Aliniuliza kama ninapika kwa makaa. Nani Kalemie hapiki kwa makaa?"

Pompi ilinunuliwa kwa fedha ambazo Papa Hénoc alitoa kabla ya siku ya malipo, bila kunung'unika. Uzi ulibaki kwenye kikombe.

*

Kisha magadi yakaisha. Boti lililokuwa likiyaleta lilikwama Kigoma kwa shida ya karatasi, na ua wa Papa Hénoc ukafungwa. Nyumbani chakula kikapungua, lakini Alphonsine akaanza kulala. Kikohozi kikashuka, kikawa cha mara moja moja, kikanyamaza. Aliimba akifua. Wilfried alimsikia kutoka barazani, akaingia ndani, akachukua wembe na kuukata ule uzi bila kuita mtu kushuhudia.

"Kumbe ilikuwa ni uchovu," alisema. "Ulihitaji kupumzika."

Usiku ule Alphonsine alimpakulia wa kwanza.

Boti lilifika. Wanawake waliitwa, na Papa Hénoc, ambaye wateja walikuwa wamemchosha kwa maswali, alitaka shanga nyingi zitwangwe kwa mkupuo mmoja. Alphonsine alifunga kitambaa kichwani, akashika mchi. Jua halijafika utosini alipouachia. Noëlla alisikia mchi ukigonga ardhi, akageuka, akamwona mama yake amepiga magoti, mikono juu ya mapaja, mabega yakipanda na kushuka na hewa haiingii. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mumupepee!" mmoja alipiga kelele, na watatu wakakimbilia vifuniko vya maboksi, wakampepea kwa nguvu. Unga wa kinuni ukanyanyuka kama moshi, ukawafunika wote.

"Acheni!" Noëlla alisema. "Acheni kupepea!"

Alimbeba mama yake kwapani, akamburuta kupitia biro, ofisi ya Papa Hénoc, mpaka barabarani, akamkalisha kwenye ukingo wa mtaro. Alifungua ncha ya kitenge cha mama yake, akatoa pompi, akamtia mdomoni. Watu walisimama kutazama. Mwendesha pikipiki mmoja aliuliza kama mama amelewa. Polepole kifua kikafunguka, na Alphonsine, akiwa na machozi na mate kidevuni, alijaribu kwanza kujifunika magoti kwa kitenge kwa sababu ya wale watazamaji.

Noëlla alikuwa ameuona uso wa mama yake ndani ya ua, na sasa aliuona nje. Alikumbuka juma la boti lililokwama, mama yake alipoacha kukohoa. Hakurudi ndani kuchukua kapu lake. Alimfikisha mama yake nyumbani, kisha akaenda moja kwa moja kwa mtu aliyemfundisha.

*

Papa Ruffin, mwalimu wa biolojia chuoni, alikuwa barazani kwake akisahihisha mitihani. Aliposikia habari za protini ya sabuni, uso wake ulichangamka kabla hajakumbuka kwamba kuna mgonjwa.

"Hiyo ninaifundisha kila mwaka. Unaikumbuka? Wataalamu waliitoa kwa bakteria wa udongo. Mwanzoni ilikuwa dhaifu, ukiitia kwenye sabuni inakufa. Basi wakachukua jeni yake, wakaichezea makusudi hapa na pale, bila kujua kitatokea nini. Wakapata maelfu ya protini, ndugu wa tumbo moja, kila mmoja ana kasoro yake. Wakazitia zote ndani ya sabuni. Nyingi zikafa. Chache zilizobaki wakazichezea tena, wakazitia kwenye sabuni kali zaidi. Tena na tena."

"Ninakumbuka."

"Wafugaji wa Pepa, kule milimani, wanafanya hivyo na ng'ombe. Mufugaji hajui ndani ya damu ya dume kuna nini. Anaangalia nani amemaliza kiangazi na nyama mgongoni, njo huyo anamuzalisha. Watu wa maabara wana haraka tu."

"Na ikiingia kifuani, Papa Ruffin?"

Aliweka kalamu chini.

"Kifuani hawakuiuliza. Waliiuliza jambo moja: unaweza kuishi ndani ya sabuni, na huku ukate uchafu? Iliyojibu ndiyo ilipita. Muntu akiivuta kama vumbi, mwili unaishika kama adui. Siku za kwanza unanyamaza. Halafu unaanza kupigana nayo, na vita vinapiganwa kwenye mapafu. Viwanda vya zamani huko Ulaya viliumiza wafanyakazi wengi namna hiyo, kabla hawajagundua kuifunika. Sasa wanaifunika, inakuwa punje nzito isiyoruka. Ikiguswa na maji inafunguka yenyewe, haina shida. Mradi muntu asiivunje ikiwa kavu."

Akamtazama.

"Ninyi hamuivunji?"

"Tunaitwanga."

"Mungu wangu. Nani alikubali?"

"Mimi," Noëlla alisema. Kisha akaongeza: "Haya ya mapafu hukutufundisha."

"Hayamo kwenye kozi," Papa Ruffin alijibu, na mara aliona jinsi jibu lile lilivyokaa vibaya. Alizipanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Mama atapona?"

"Akikaa mbali nayo, atapumua. Lakini mwili ukishajifunza adui, hausahau. Kesho na kesho kutwa, kidogo sana kitamutosha kumwangusha."

*

Papa Hénoc alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na kwa Noëlla hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Turudishe punje nzima," Noëlla alisema.

"Na watu wa sokoni?"

"Tutawaeleza."

"Yule mama niliyemueleza, alinielewa? Umesahau kapu lake?"

"Basi tuzitie maji, tutengeneze sabuni ya uji."

"Nani atafunga uji kwenye pakiti ya karatasi, mutoto wangu? Nani atanunua?" Alisugua paji la uso. "Ninasikia unachosema. Sina roho ya mawe. Mama yako apumzike, nitamutumia kitu kidogo. Na hao wengine, nitawapa vitambaa wafunge pua."

Alichana pazia kuukuu la biro, akawagawia. Mchi alipewa Aimée, mwanamke mwenye watoto wawili aliyekuwa akifunga pakiti. Aimée alishukuru kwa kupiga magoti kidogo, kwa kuwa mtwangaji alilipwa zaidi.

Mchana, wakati wa kula, Noëlla aliwaambia wanawake yote aliyoyasikia. Walisikiliza wakitafuna.

"Sasa unataka tufanye nini?" mmoja aliuliza.

"Tukatae kutwanga. Sisi wote."

"Halafu wewe utatupa kazi ingine?"

"Si sisi wote tunaokohoa," mwingine alisema. "Mama yako alikuwa na kifua tangu zamani. Tunasali pamoja, tunajua."

Aimée alikuwa ameinamisha kichwa. "Dada Noëlla, mama yako njo alitwanga wa kwanza. Leo unatukataza wakati mimi nimeshika mchi."

Noëlla alirudi kwenye mizani.

*

Jioni aliingia nyumbani, akamkuta mama yake ameketi mkekani akichambua maharage, akipumua vizuri, uso umerudi. Noëlla aliinama, akamshika mabega, akamwekea shavu shavuni kama alivyofanya kila siku.

Shambulio la pumu lilikuja kabla hajasimama wima. Alphonsine alimsukuma kwa mikono yote miwili. Maharage yalimwagika. Wilfried alitoka chumbani mbio na pompi, na alipomshika mkewe alimtazama binti yake juu ya bega lake.

"Ni nguo zako," alisema. "Ni wewe unaileta."

Tangu siku ile Noëlla alioga nyuma ya nyumba kabla ya kuingia, akaacha nguo za kazi nje ya ukuta. Haikutosha. Ilikuwa kwenye nywele, kwenye kamba za viatu, kwenye mkoba. Mama yake alijifunza kumwinulia kiganja: simama hapo. Walizungumza hivyo, mmoja mlangoni na mwingine mwisho wa ua, wakipaza sauti kama watu wanaogombana. Noëlla alilala katika jiko la nje.

Kisha Wilfried akamfuata jikoni. Alikuwa amevaa ovaroli, ingawa kazi ilikuwa imekwisha zamani.

"Mama yako anataka uache kazi," alisema.

"Na wewe, Papa?"

"Shangazi yako kule mjini ana chumba," alisema. "Ungelala huko. Ungetuma tu... ungetuma kitu na mutu. Sisi tungekuja kukuona Jumapili. Si vibaya. Watoto wengi wako mbali na wazazi."

Alikuwa baba anayemwomba binti yake aendelee kuvuta sumu na asirudi nyumbani, na alijua kwamba ndicho alichokuwa akikiomba. Hakuthubutu kumtazama. Noëlla alimhurumia, na huruma ile ilimtia hasira ambayo hakuwa nayo kwa Papa Hénoc.

"Nitafikiri, Papa," alisema.

Asubuhi alikwenda kazini mapema. Aimée alikuwa ametwanga ndoo nzima ya shanga, unga umejaa kinuni. Kitambaa cha pazia kilikuwa kimemshuka shingoni kwa sababu ya joto. Noëlla alichukua dumu la maji, akalimimina lote ndani ya kinu. Akafungua ndoo ya pili, iliyokuwa bado haijaguswa, akaimwagia dumu jingine. Unga ukanywea, ukawa tope la buluu lisiloweza kuruka.

Wanawake walipiga yowe. Kazi ya siku ilikuwa imezama, na kila mmoja alijua siku isiyo na pakiti haina malipo. Mmoja alimvuta Noëlla blauzi mpaka kifungo kikakatika. Aimée alilia.

Papa Hénoc alikuja, akatazama kinu, akachovya kidole kwenye tope lile.

"Ondoka," alisema. "Nisipokudai hasara hii, ni kwa ajili ya mama yako. Ondoka."

Alitoka kwa kupitia biro ile ile aliyomburutia mama yake. Nyuma yake hakuna aliyesema neno zuri. Shehena nyingine ya ndoo ilipofika kutoka ng'ambo, kinu kilikuwa kimekwisha kukauka.

*

Wilfried aliacha kwenda karakana. Alikwenda bandarini kubeba mifuko ya saruji pamoja na vijana, ambao walimwita Papa Fundi na kumpa mifuko iliyopasuka kwa kuwa ni myepesi. Alirudi mweupe tangu kichwani mpaka miguuni, akaoga nyuma ya nyumba mahali pale pale alipokuwa akiogea binti yake. Noëlla alifua nguo za watu kwa sabuni ya vipande, na wengi walimnyima kazi kwa sababu damu ya samaki haitoki vizuri kwa vipande. Walikula mara moja kwa siku. Alphonsine alipumua. Sokoni hakuweza kupita upande wa sabuni, na kanisani alikaa karibu na dirisha, lakini alipumua.

Alasiri moja Aimée alikuja. Alisimama kwenye mwanya wa ua akiwa na kitenge cha kazi, mkono mmoja umeshika mti wa mlango, na Alphonsine, aliyekuwa peke yake barazani, alizisikia pumzi zake kabla hajamwona vizuri. Alizijua. Zilikuwa na filimbi ndani yake.

"Mama Noëlla," Aimée alisema. Akavuta. "Unisaidie."

Alphonsine aliinua kiganja. "Simama hapo hapo. Usiingie."

Alikwenda ndani, akarudi na pompi. Ilikuwa moja tu, na alipoitikisa sikioni ilisikika nyepesi. Alitembea mpaka katikati ya ua, akaiweka juu ya tofali, akarudi nyuma haraka akiwa ameziba pua kwa upindo wa nguo.

"Chukua. Usivute kwanza. Toa pumzi yote, yote, kama unazima moto." Alimwonyesha kwa mikono, akijikunja mwenyewe. "Sasa tia mdomoni. Bonyeza, vuta polepole. Shika. Shika tu. Usiogope."

Aimée alifanya hivyo, akafanya tena. Walisimama wakitazamana, na Alphonsine, bila kujua, alikuwa akishika pumzi yake pamoja naye. Hatimaye mabega ya yule mwanamke yakashuka.

"Asante, Mama. Mungu akubariki." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya aibu. "Niliwasema vibaya. Nilimusema Dada Noëlla."

"Yamepita."

"Sina namna ya kuacha kazi."

"Ninajua."

Aimée, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kijiko cha jirani, alishika upindo wa kitenge chake cha kazi na kuupangusa mdomo wa pompi, ndani na nje, vizuri, mpaka ukang'aa. Vumbi jepesi likadondoka juani. Kisha akaiweka tena juu ya tofali.

Alphonsine aliitazama pompi. Akamtazama Aimée, ambaye alikuwa akitabasamu, amefurahi kwamba ameirudisha safi.

"Baki nayo," alisema. "Mimi nimepona."

Aimée aliifunga kwenye ncha ya kitenge, akainama kushukuru. Alphonsine alisubiri mpaka amefika mbali. Kisha akachukua ndoo ya maji, akaloweka ua wote, kuanzia kwenye tofali mpaka mlangoni, ili upepo usiinue kitu mumewe na binti yake watakaporudi.